Anavua kila wiki, kwa hiyo kazi anafanya saa ngapi?

Jumanne, saa 4 asubuhi. Mtu mzima ameketi ukingoni mwa bwawa, mshipi majini, macho kwenye kiboya. Wapita njia humhukumu upesi: hana kazi, au amestaafu, au ana pesa zinazozaa akiwa amelala. Huyo huyo anaweza kuwa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, zimamoto aliye katika siku zake za mapumziko, au askari aliyepewa likizo ya wiki mbili baada ya miezi sita ya kutokuwapo nyumbani.

Swali la wavuvi wa burudani huishi kwa kazi gani linaonekana jepesi, lakini limejaa mitego, na mtego wa kwanza uko kwenye neno lenyewe.

Kiswahili humwita mvuvi kila anayetoa samaki majini. Watu hao wako wa aina tatu. Yupo mvuvi wa biashara, ambaye samaki wake huenda sokoni na ndio mshahara wake. Yupo mvuvi wa kitoweo, ambaye asipopata kitu nyumba inakula mboga tupu. Na yupo wa burudani. Fasili inayotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, inasema uvuvi wa burudani ni ule ambao samaki si tegemeo kuu la lishe ya mvuaji, na kwa kawaida hawauzwi. Angalia kwamba fasili hiyo haisemi lolote kuhusu starehe. Mvuvi wa biashara anaweza kuipenda kazi yake kupita kiasi na bado asiwe wa burudani. Wa burudani naye anaweza kupeleka nyumbani samaki watatu, akawakaanga, na bado asiwe mvuvi wa kitoweo. Kinachotenganisha watu hawa ni nini kingetokea kama samaki wasingepatikana mwezi mzima. Wa biashara angekosa kodi ya nyumba na wa kitoweo angekosa mlo. Wa burudani angenuna, kisha Jumatatu angekwenda kazini.

Katikati kuna watu wasioingia vizuri kwenye kundi lolote. Mwongozaji, anayelipwa kuwapeleka wageni kuvua, anaishi kwa samaki asiowavua: siku nzima anapiga makasia, anafungua mishipi iliyojifunga na kung'oa ndoana kwenye matawi. Mshindani wa mashindano ya uvuvi naye hudhaniwa kuwa tajiri wa zawadi. Hesabu yake iko hivi: hulipa kiingilio, mafuta, chombo, malazi na siku za mazoezi kabla ya shindano, halafu zawadi nono huishia kwa wachache wa juu. Wengi wa wanaobaki hutegemea wafadhili, kufundisha wengine, au kazi ya kawaida ambayo haionekani kwenye picha akiwa ameshika kombe.

Hilo la maneno limeisha. Gumu zaidi ni kuhesabu.

Utafiti wa kitaifa wa Marekani wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu milioni 39.9 wenye umri wa miaka 16 na zaidi walivua samaki mwaka huo. Kundi kubwa kiasi hicho haliwezi kuwa la tabaka moja. Ndani yake lazima wamo mafundi bomba, walimu, majaji, madereva wa malori na wasio na ajira. Basi mbona ukingoni tunaona sura zile zile za wazee?

Chukua mfano wa kubuni wa wavuvi 100. Kumi wamestaafu na huvua siku 50 kwa mwaka kila mmoja. Tisini wana ajira na huvua siku 5. Wastaafu wanatoa siku 500 za uvuvi, wenye ajira siku 450. Ukienda ukingoni siku yoyote ya bahati nasibu, zaidi ya nusu ya utakaowakuta ni wastaafu, ingawa ni mmoja tu kati ya kumi. Anayepita nyumba kwa nyumba akibisha hodi saa 4 asubuhi naye atafunguliwa na walio nyumbani, kisha ataandika kwamba mtaa mzima hauna kazi. Macho yake hayakumdanganya, ila amehesabu siku badala ya watu.

Anayehesabu Jumamosi pekee hukosea upande wa pili: anawapata wenye mishahara ya mwezi na kuwakosa wa zamu. Anayehesabu wanachama wa klabu huwapata walio na muda wa vikao. Ndiyo maana watafiti makini hugawa siku za kazi na za mapumziko, hugawa asubuhi na jioni, halafu humwuliza kila mtu amevua mara ngapi katika miezi 12, ili yule wa siku 50 asihesabiwe mara kumi.

Dhana ya utajiri ina chembe ya ukweli, na rekodi za samaki wakubwa zinaonyesha chembe hiyo inaishia wapi. Alfred Glassell Jr., aliyemvua marlini mweusi wa kilo 707 nje ya Cabo Blanco, Peru, mwaka 1953, alikuwa mtu wa biashara ya mafuta. Samaki wa namna hiyo anahitaji meli, nahodha na wiki nyingi za kusubiri, na maskini hafiki huko. Lakini samaki aina ya besi wa mdomo mpana wa George Perry, kilo 10 na kidogo, alivuliwa Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, na kijana mkulima ambaye siku hiyo shamba lilikuwa limelowa mno kulimika. Samoni wa kilo 29 wa mto Tay, Scotland, aliyeweka rekodi ya Uingereza mwaka 1922, alivuliwa na Georgina Ballantine, mwanamke aliyewahi kuuguza majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza. Bahari ya kina kirefu huchagua kwa pesa. Bwawa na mto huchagua kwa muda.

Ratiba ina nguvu kuliko mshahara

Ukitaka kukisia mtu anavuaje, muulize zamu yake kabla ya cheo chake. Samaki wengi wawindaji hula vizuri mwanga ukiwa hafifu, alfajiri na machweo, kwa sababu macho yao huona vyema katika giza jepesi kuliko ya samaki wadogo wanaowindwa. Mfanyakazi wa ofisi anayeingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni hukosa alfajiri, na katika nchi za baridi miezi ya usiku mrefu humnyima hata machweo. Mwalimu ana likizo ndefu, ila mara nyingi inaangukia msimu wa joto kali, ambapo maji yaliyotulia hupungukiwa na oksijeni na samaki hushuka chini au huacha kula mchana. Mkulima hupangiwa na mvua. Fundi wa mtambo wa mafuta baharini hukaa kazini wiki mbili au nne mfululizo, kisha hupewa mapumziko ya muda kama huo. Akirudi anaweza kuvua siku kumi bila kukatiza, akawazidi wenye Jumamosi kwa sababu siku ya tatu tayari ameshaelewa maji yamekaaje.

Kwa anayevua baharini, hesabu ni kali zaidi, na wengi hawajawahi kuifanya. Pwani zenye kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Tuseme Jumamosi hii yanajaa saa 12 asubuhi, na sehemu yako huvuliwa vizuri saa mbili kabla ya kujaa. Jumamosi ijayo yatajaa karibu saa 6 mchana, maana yake saa 12 asubuhi utakuta ndiyo kwanza yamekupwa na miamba iko nje. Jumamosi ya tatu yatajaa tena alfajiri, kama saa 11 na robo. Kwa hiyo mwenye Jumamosi pekee hupata alfajiri ya maji kujaa mara moja kila wiki mbili, na hiyo itakuwa daima kwenye bamvua (maji makubwa) au daima kwenye maji mafu (maji madogo), kwa sababu mzunguko wa mwezi unaotawala bamvua nao ni wa karibu siku 15. Mtu kama huyo huapa kwamba sehemu fulani haina samaki. Pengine inao sana, katikati ya wiki. Mwenye zamu ya siku nne kazini na nne nje huzunguka kalenda yote na kuona sura zote za maji.

Zamu ya usiku inastahili onyo. Ni kweli humweka mtu ukingoni jua linapochomoza, wakati bora kabisa, lakini akiwa amekesha. Makosa ya saa hiyo yanajulikana: fundo lisilolowanishwa kabla ya kukazwa, nailoni ikapata joto la msuguano na kudhoofika, kurusha bila kutazama nyuma, ndoana ikanasa sikio la jirani, kusinzia kwenye jiwe linalofikiwa na mawimbi. Hatari kubwa kuliko zote ni kuendesha gari kurudi nyumbani. Anayetoka zamu ni bora alale kwanza usingizi wa kutosha, aikose alfajiri na kuvua machweo. Ushauri huu haupendwi, najua.

Mikono iliyotoka kazini

Vifaa vingi tunavyovitumia vilibuniwa na watu waliokuwa na kazi nyingine, wakachukua ujuzi wa kazini na kuupeleka majini. Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ni mfano mzuri. George Snyder wa Kentucky alikuwa fundi wa saa na sonara. Mwanzoni mwa karne ya 19 alitengeneza rili yenye meno ya gia, ili mzunguko mmoja wa mkono uzungushe kigurudumu mara kadhaa. Kwa fundi saa hilo lilikuwa jambo la kila siku. Kwa wavuvi wengi wa wakati huo lilikuwa jambo geni.

Alfred Illingworth, mwenye viwanda vya sufu Bradford, Uingereza, alipata hataza ya rili ya aina tofauti mwaka 1905. Rili za kale zilikuwa na kigurudumu kinachozunguka wakati wa kurusha. Chambo chepesi hakikuwa na nguvu ya kukizungusha, na chambo kizito kilikizungusha kupita kiasi: mshipi ukatoka haraka kuliko ulivyokuwa ukivutwa, ukajivuruga kama kiota cha ndege. Illingworth alikuwa akiona kila siku kiwandani jinsi uzi unavyochomoka kwenye ncha ya bobini iliyosimama tuli. Akafanya vivyo hivyo kwa mshipi. Kigurudumu hakizunguki, mshipi unateleza juu ya ukingo wake, na chambo cha gramu chache huruka mbali.

Gharama yake ni kwamba mshipi hujisokota. Ukizungusha mkono wakati samaki anavuta na breki inateleza, kila mzunguko unaongeza msokoto, na baada ya nusu saa mshipi unajikunja wenyewe vitanzi. Dawa ni kuacha kuzungusha breki inapotoa mshipi, kuinua ufito (fimbo ya kuvulia) ili kumvuta samaki, kisha kukunja wakati wa kushusha ufito. Usiujaze mshipi hadi ukingoni pia. Acha nafasi ya milimita 2 au 3, la sivyo vitanzi vitatoka kwa mkupuo.

Richard Walker alikuwa mhandisi. Mwaka 1952, katika bwawa la Redmire, Uingereza, alimvua samaki kapi wa karibu kilo 20, rekodi iliyosimama kwa zaidi ya miaka 25. Kifaa cha umeme kinacholia mshipi ukivutwa usiku, ambacho leo kila mvuvi wa kapi anacho, kilienezwa naye, na ni wazo ambalo lingemjia mtu wa saketi kabla halijamjia mtu wa mashairi.

Kazi pia huacha alama mbaya. Fundi magari huja na petroli vidoleni. Harufu hiyo huingia kwenye chambo laini, na samaki wanaonusa kabla ya kumeza, kama kambare, huweza kukiacha. Sabuni ya kawaida haitoshi. Sugua kwa mchanga na maji ya hapo hapo kabla ya kugusa chambo. Mpaka rangi na seremala huja na kiwiko kilichochoka tayari. Kurusha ufito mara 300 kwa siku hutumia kano zile zile zinazotumiwa na brashi na nyundo, kwa hiyo mapumziko ya Jumapili si mapumziko kwa kiwiko. Ufito mwepesi, mpini mnene kidogo na kubadilisha mkono husaidia kuliko dawa za kuchua. Dereva na karani shida yao ni mgongo, na kinachowaumiza zaidi ni kiti kifupi cha kukunja kuliko ufito.

Na askari?

Hapa ndipo maneno ya mitaani yanapokuwa mengi, na jeshi husemwa kana kwamba ni kazi moja. Kwa suala letu ni hali tatu tofauti. Kuna kijana anayetumikia kwa sheria: Finland, kwa mfano, hutumikia siku 165, 255 au 347 kutegemea nafasi aliyopewa, kisha anarudi chuoni au kazini. Kuna askari wa ajira, ambaye jeshi ndilo mkate wake kwa miaka mingi. Na kuna aliyemaliza. Ukimwuliza wa kwanza kazi yake atasema askari, na mwaka unaofuata jibu litakuwa limebadilika bila yeye kubadilisha chochote katika uvuvi wake.

Askari wa ajira ana adui mmoja mkubwa: uhamisho. Kujua maji kunachukua misimu miwili au mitatu, na ukishajua jiwe gani lina samaki upepo ukitoka wapi, barua inakuja. Ndiyo maana wengi wao hupenda ufito wa vipande vinne au zaidi unaoingia kwenye begi, rili mbili tu, na kisanduku kimoja cha vyambo vinavyofaa karibu popote. Hawabebi vitu vingi kwa sababu wanajua watavibeba tena. Likizo zao huja kwa mkupuo, kama za mtu wa mtambo wa mafuta, ila tarehe hazitabiriki, kwa hiyo kulipia safari ya uvuvi mwaka mmoja mbele ni kamari.

Yapo yanayosemwa ambayo si kweli. Moja ni kwamba askari huvua kwa sababu amefundishwa kuishi porini. Maboti ya kuokolea maisha ya Vita Kuu ya Pili yaliwekewa kweli ndoana na mishipi, lakini huo ni uvuvi wa kitoweo wa hali ya juu kabisa: ukikosa, unakufa. Haufundishi kurusha chambo, haufundishi kusoma mkondo. Lingine ni kwamba askari huvua kwa baruti. Vitani limetokea, na popote linapotokea ni uharibifu: mshindo hupasua kibofu cha hewa cha samaki, wengi huzama chini bila kuonekana, na mayai na vifaranga hufa pamoja nao. Anayefanya hivyo, awe na sare au asiwe nayo, si mvuvi wa burudani kwa fasili yoyote.

Kilicho kweli ni kwamba vita vilibadilisha mkoba wa mvuvi wa kawaida. Nailoni ilibuniwa katika maabara za kampuni ya DuPont mwaka 1935. Vita vilipokuja ikapelekwa kwenye miavuli ya askari wa anga, na vilipokwisha ikarudi kwa raia kwa wingi, pamoja na rili zisizozunguka ambazo askari wa Kimarekani walikuwa wameziona Ulaya. Mshipi wa nailoni na rili ya Illingworth vikaoana.

Mfano wa mtu aliyeunganisha mambo haya yote ni Lefty Kreh, mmoja wa wavuvi maarufu duniani wa nzi bandia, yaani chambo chepesi kilichofungwa kwa uzi na manyoya kifanane na mdudu. Alipigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, kisha akafanya kazi Fort Detrick, Maryland, wakati huo kituo cha utafiti wa silaha za kibiolojia cha jeshi la Marekani, ambako aliwahi kuambukizwa kimeta. Alifanya zamu za usiku, na mchana ukabaki kwa ajili ya mto. Umaarufu ulikuja baadaye, kupitia safu za magazeti na mafunzo. Kwa yeyote aliyempita ukingoni miaka hiyo, alikuwa mtu asiye na kazi.

Wanaorudi na majeraha nao wameingizwa katika uvuvi kwa makusudi. Mradi wa Project Healing Waters ulianzishwa mwaka 2005 katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed na Ed Nicholson, nahodha mstaafu wa jeshi la majini. Kufunga nzi bandia ni mazoezi ya vidole vilivyoumia: kushika ndoana ya milimita chache kwenye kibano, kuzungusha uzi bila kuukata, kupima mkazo. Kurusha kwaweza kufanywa kwa mkono mmoja, rili ikafungwa kifuani au ikaendeshwa kwa umeme. Na mtu anaweza kukaa na wenzake saa tatu bila kulazimika kuzungumza. Uvuvi hauchukui nafasi ya daktari wala mshauri wa kisaikolojia, na anayeuza habari kwamba ndoana huponya kiwewe anadanganya. Anayevua na mtu aliyetoka vitani afanye mambo madogo: amkaribie kutoka ubavuni na si kwa nyuma, atangaze anapotaka kurusha, na amwachie sehemu yenye kichaka au ukuta mgongoni kama anaipenda.

Ukitaka kumuuliza mvuvi kazi yake na upate jibu linalofaa, usiulize swali moja tu. Jimmy Carter alikuwa ofisa wa nyambizi, mkulima wa karanga, rais wa Marekani, na mvuvi wa nzi bandia hadi uzeeni. Neno moja lingemficha. Uliza kazi iliyomlisha miezi 12 iliyopita, kazi aliyoifanya miaka mingi zaidi, kisha zamu zake zikoje. Na ujue nani hayumo kwenye majibu. Tafiti nyingi huuliza kaya, na bweni la kambi si kaya, kwa hiyo askari kijana anayevua kila anapopata ruhusa mara nyingi hahesabiwi popote. Akimaliza mkataba akiwa na miaka 40, anaonekana kwenye takwimu kwa mara ya kwanza, na kisanduku anachowekewa alama kimeandikwa: amestaafu.